Kelele Zenye Sheria: Kundi la Clipping na Albamu ya Dead Channel Sky

Wazee wangu mliotutangulia katika fani, shikamooni. Kaka zangu na dada zangu wa studio, wachanaji, madijei, mafundi mitambo, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie muziki wa majaribio katika hip hop. Mada hiyo ni pana mno, na mtu akiikumbatia yote ataishia kutaja majina tu na kuwaacha wasikilizaji kama walivyokuja. Kwa hiyo nimechagua albamu moja tuibomoe pamoja, tuone imejengwaje na nani aliyelipia matofali. Ni Dead Channel Sky ya kundi la Clipping la Los Angeles, iliyotoka tarehe 14 Machi 2025 chini ya lebo ya Sub Pop ya Seattle.

Niseme mapema ninachokiamini, ili anayetaka kunipinga aanze kunoa hoja sasa hivi. Wengi wetu tunadhani msanii wa majaribio ni mtu aliyeacha sheria, anayefanya lolote linalomjia usiku. Mimi naona kinyume. Majaribio yanaanza pale msanii anapojiwekea sheria ngumu kuliko zile za soko, halafu akazitii mwaka baada ya mwaka, hata pale ambapo hakuna anayemlazimisha. Clipping ndio ushahidi mzuri kuliko wote ninaoujua.

Wako watatu. William Hutson na Jonathan Snipes ndio wanaotengeneza sauti, na Daveed Diggs ndiye anayechana. Mwaka 2009 Hutson na Snipes walianza na mchezo mmoja: wanachukua sauti tupu za marapa wakubwa wa redioni, zile zisizo na biti, wanazipandisha juu ya kelele kali za mitambo. Hutson alitoka katika ulimwengu wa muziki wa kelele, na hata masomo yake ya udaktari katika chuo kikuu cha UCLA yalikuwa juu ya muziki huo. Snipes alikuwa mtengeneza sauti za tamthilia na filamu. Diggs, rafiki wa Hutson tangu utotoni kule Oakland, akaingia mwaka uliofuata, na mchezo ukawa kundi.

Huyu Diggs wengi mnamjua bila kujua kwamba mnamjua. Ndiye aliyecheza Lafayette na Thomas Jefferson katika tamthilia ya Hamilton kule Broadway, akapata Tony, tuzo ya tamthilia za Broadway, mwaka 2016. Ndiye sauti ya kaa Sebastian katika The Little Mermaid ya mwaka 2023, ambayo bila shaka watoto wenu wameitazama hadi mkaikariri. Namtaja hivyo kwa sababu maalumu. Mtu huyu milango yote ilimfungukia. Angeweza kuachana na kelele na kutoa albamu nyepesi yenye jina lake mwenyewe, na ingeuzika. Mwaka uleule wa tuzo yake, Septemba 2016, alitoa na wenzake Splendor & Misery, albamu kuhusu mtumwa mmoja aliyesalia hai baada ya maasi ndani ya chombo cha angani, na kompyuta ya chombo hicho ikampenda. Hicho ndicho alichokifanya na umaarufu wake.

Jina la kundi linatokana na kitu ambacho kila fundi aliyeketi hapa anakikimbia. Sauti inapozidi uwezo wa mtambo, taa nyekundu inawaka, vilele vya wimbi vinakatwa na spika zinaanza kukoroma. Sisi tunafundishana kushusha sauti haraka. Wao wanaingia humohumo na kuanza kuhesabu: besi ikae wapi, snea (ile ngoma yenye mlio mkali) ipige wapi, mchanaji avute pumzi wapi.

Sasa nije kwenye sheria zenyewe.

Ya kwanza, na ndiyo inayonivutia kuliko zote: Diggs hachani kwa nafsi ya kwanza. Tangu mwanzo kundi lilikubaliana kwamba msimulizi wao hatasema "mimi". Fikirini uzito wa jambo hili. Hip hop ni fani ya majigambo. Mimi nimetoka wapi, mimi nimepitia nini, mimi nina nini ambacho wewe huna. Sisi wenyewe tuna historia ndefu ya majigambo. Kutoka nyimbo anazohusishwa nazo Fumo Liyongo hadi majigambo ya Wahaya kule Kagera, mtu anasimama mbele ya watu na kujitaja. Kumnyima mchanaji nafsi ya kwanza ni kumnyang'anya silaha aliyozaliwa nayo.

Ukimnyang'anya hiyo, anabaki na nini? Anabaki na macho. Diggs analazimika kueleza mtu anayemtazama: amevaa nini, mkono wake uko wapi, mlango umefungwa au uko wazi, nani anakuja nyuma yake. Nyimbo zake zinaenda kwa "yeye" na "wewe", na mara nyingi "wewe" ndiwe msikilizaji uliyeingizwa ndani ya tukio bila kuombwa ruhusa. Ukisikiliza Story 2, wimbo wa albamu yao ya mwaka 2014, utamfuata mtu anayekaribia msiba wake hatua kwa hatua, na mapigo ya kila ubeti yanaongezeka kadiri mambo yanavyokaza, hadi masikio yako yanapoteza mahali pa kushika. Hakuna aliyekuambia uogope. Hesabu ya midundo ndiyo iliyokuogopesha.

Wageni wao hawafungwi na sheria hii. Katika Work Work, wimbo wa albamu hiyohiyo, Cocc Pistol Cree anaingia na "mimi" yake kamili, na ghafla unasikia jinsi nafsi ya kwanza ilivyo kali pale ambapo imekuwa adimu.

Nawaomba wachanaji mlioko hapa mjaribu wiki hii. Andikeni mistari 16 bila "mimi" na bila "sisi", na msinidanganye kwa kufuta neno halafu mkaacha "nime" na "tume" kwenye vitenzi. Mtaona ndani ya dakika chache ni kiasi gani cha uandishi wetu kinategemea kujitaja, na ni mambo mangapi ya mtaani hatujawahi kuyaeleza kwa sababu tulikuwa tunajitazama wenyewe.

Sheria ya pili inahusu sauti. Hutson na Snipes hawaamini kwamba biti lazima itokane na ngoma. Katika albamu yao ya kwanza ya Sub Pop, iliyoitwa CLPPNG na kutoka Juni 2014, kuna wimbo unaitwa Get Up ambao uti wa mgongo wake ni mlio wa saa ya kuamshia. Mlio uleule unaoumiza kichwa asubuhi, unaendelea mwanzo hadi mwisho, na juu yake wamejenga wimbo wenye kiitikio cha kuimbika kabisa. Sehemu nyingine wanatumia kelele za chuma, mivumo ya umeme, sauti walizozirekodi nje na kuzikatakata hadi zikawa kiki (ngoma nzito ya chini) na snea. Lakini sikilizeni kwa makini: baa za mdundo zinahesabika, kiitikio kinarudi pale unapokitarajia. Kila kitu ambacho rapa wa kawaida anakihitaji kipo, isipokuwa vifaa vimebadilishwa. Hapo ndipo ninapowaambia vijana kwamba mtu hawezi kuvunja umbo la wimbo vizuri kama hajawahi kulijua.

Walikuwa pia na desturi ya kufunga albamu kwa kazi ya watunzi wa majaribio waliowatangulia. CLPPNG inafungwa na Williams Mix, kazi ya John Cage ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 iliyotengenezwa kwa vipande vya utepe wa sauti vilivyokatwa kwa mkono. There Existed an Addiction to Blood, ya Oktoba 2019, inafungwa na Piano Burning ya Annea Lockwood, ya mwaka 1968, ambayo maelekezo yake ni kuchoma piano na kusikiliza. Wakachoma piano, wakarekodi, wakaweka dakika kama 18 za moto na nyaya zinazokatika mwishoni mwa albamu ya rap. Visions of Bodies Being Burned, ya Oktoba 2020, inafungwa na Secret Piece ya Yoko Ono, aliyoitunga mwaka 1953: chagua noti moja, ipige ukifuatana na sauti za msitu alfajiri ya majira ya joto. Mimi naiona desturi hii kama adabu. Ni kusalimia wakubwa kabla ya kutoka ukumbini. Na kwa kuwaweka Cage na Ono ndani ya albamu ya hip hop, wanadai wazi kwamba fani hii ina haki ya kukaa meza moja na muziki wowote ulioandikwa na wasomi.

Kabla sijafika kwenye albamu mpya, nitaje wimbo mmoja zaidi, kwa sababu ndio unaoonyesha jinsi kazi ya wasanii wadogo inavyoweza kusafiri. Mwaka 2017 walitoa The Deep, waliouandika kwa ombi la kipindi cha redio cha This American Life. Waliazima hadithi kutoka kwa Drexciya, kundi la Detroit la James Stinson na Gerald Donald, ambao katika miaka ya 1990 walibuni taifa la chini ya bahari: watoto wa wanawake wajawazito waliotupwa baharini kutoka meli za watumwa, waliozaliwa wakiweza kupumua majini. Clipping wakaichukua hadithi hiyo, wakaiongezea hasira ya watu wa majini dhidi ya wale wa juu. Kisha mwandishi Rivers Solomon akaigeuza kuwa riwaya fupi mwaka 2019. Kazi ya andagraundi ya Detroit, isiyokuwa na maneno mengi zaidi ya maandishi kwenye jalada la santuri, imekuwa wimbo, imekuwa kitabu. Splendor & Misery na The Deep zote zilipendekezwa kwa tuzo ya Hugo, tuzo ya fasihi ya kubuni ya kisayansi. Kabla ya Splendor & Misery, albamu ya muziki ilikuwa haijapendekezwa tangu mwaka 1971.

Haya, Dead Channel Sky.

Jina limetokana na sentensi ya kwanza ya Neuromancer, riwaya ya William Gibson ya mwaka 1984, inayolinganisha rangi ya anga na televisheni iliyowekwa kwenye chaneli isiyo na matangazo. Riwaya hiyo ndiyo iliyoipa nguvu aina ya fasihi inayoitwa saibapanki: ulimwengu ambao mashine zimefika mbali kuliko mnavyofikiri, na watu wa kawaida wamebaki chini kabisa, wakiishi kwa ujanja, kwa kuiba taarifa, kwa kuunganisha nyaya zisizo zao. Albamu yote imesimama juu ya ulimwengu huo. Kuna wimbo unaitwa Mood Organ, ambacho ni kifaa katika riwaya ya Philip K. Dick ya mwaka 1968 kinachomruhusu mtu kuchagua hisia zake za siku. Kuna Mirrorshades pt. 2, jina la mkusanyiko wa hadithi uliohaririwa na Bruce Sterling mwaka 1986. Aliyesoma vitabu hivyo atafurahi. Ambaye hajavisoma hatakosa kitu kikubwa, kwa sababu hoja ya albamu inasikika kwenye midundo.

Na hoja hiyo ni ya kihistoria. Hip hop na saibapanki zilikua katika muongo mmoja, na zote mbili zinahusu watu wanaochukua mashine iliyotengenezwa kwa kazi nyingine na kuilazimisha ifanye kazi yao. Tanteibo ilitengenezwa kucheza santuri. Vijana wa Bronx wakaifanya ala. Roland TR-808 ilitoka mwaka 1980 ikiwa mashine ya kumpigia ngoma mwanamuziki anayerekodi demo, na miaka miwili baadaye Afrika Bambaataa na Soulsonic Force waliitumia kwenye Planet Rock, wakichanganya na nyimbo za Kraftwerk wa Ujerumani. Mwaka 1983 Cybotron ya Juan Atkins ilitoa Clear kule Detroit. Katika miaka ile huwezi kuchora mstari ukasema hapa ni hip hop na hapa ni muziki wa elektroniki. Ilikuwa nyumba moja.

Kisha ndugu wakatengana. Tekno ya Detroit na hausi ya Chicago zikavuka bahari, zikawa rave, muziki wa dansi za usiku kucha, kule Ulaya, na baada ya muda watu wakasahau kwamba waanzilishi wake walikuwa vijana weusi wa miji ya viwanda. Hip hop ikaenda njia yake. Dead Channel Sky inauliza: ingekuwaje kama wasingetengana? Kwa hiyo Diggs anachana juu ya muziki wa hausi unaoitwa asidi, juu ya breikbiti (midundo ya ngoma iliyokatwakatwa), juu ya sinteza kali za kumbi za mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wimbo unaoitwa Dominator umejengwa juu ya sampuli ya wimbo wenye jina hilohilo wa Human Resource, kundi la Uholanzi, wa mwaka 1991. Sauti iliyosafiri kutoka Detroit hadi Uholanzi inarudishwa Marekani na kukabidhiwa rapa. Mimi nilipoielewa hoja hiyo, albamu nzima ilibadilika masikioni mwangu. Mara ya kwanza nilikuwa nimesikia tu watu wanaopenda rave.

Wageni nao wamechaguliwa kwa hoja. Nels Cline, mpiga gitaa wa kundi la roki la Wilco, yumo katika Malleus. Cartel Madras, kundi la wanawake wa asili ya Kihindi kutoka Calgary nchini Kanada, wamo katika Mirrorshades. Tia Nomore wa Oakland yumo katika Scams, wimbo wa utapeli, na yeyote hapa aliyewahi kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hatahitaji maelezo. Nadhani hata tunauelewa ulimwengu huu wa saibapanki kuliko walioubuni. Tunaishi mitaa ambayo mtaro haujazibuliwa tangu masika ya mwaka juzi, lakini akina mama wauza mboga wanapokea malipo hewani na kukopa kwa kubonyeza simu.

Aesop Rock ndiye mgeni ninayempenda zaidi, katika Welcome Home Warrior. Mwaka 2014 mchambuzi wa data Matt Daniels alihesabu maneno tofauti katika maneno 35,000 ya mwanzo ya kila rapa aliyemchunguza, na Aesop Rock akaongoza kwa maneno 7,392. Lakini kuwepo kwake hapa kunanikumbusha jambo jingine: yeye ni mtoto wa lebo huru. Alikulia Def Jux ya New York, lebo iliyoanzishwa na El-P baada ya kundi lake la Company Flow kutoa Funcrusher Plus mwaka 1997. Leo yuko Rhymesayers ya Minneapolis. Maisha yake yote ya kazi ameyaendesha nje ya makampuni makubwa, na bado anakula kwa kalamu yake.

Sitaipamba albamu hii kuliko inavyostahili. Ina vipande 20, na katikati inalegea. Vipande vifupi vya kupumzikia vinakata mwendo pale ambapo ungetaka kuachwa uendelee kuzama. Na ile sheria ya kutosema "mimi" ina gharama yake. Zipo nyimbo ambazo ufundi wa Diggs unang'aa hadi unasahau kwamba anayesimuliwa ni binadamu. Maneno yanapita kasi, vina vinagongana vizuri, na moyo unabaki pale ulipokuwa. Katika Splendor & Misery yule mtumwa wa angani aliniuma. Hapa nimevutiwa mara nyingi kuliko nilivyoumizwa. Hata hivyo afadhali msanii anayelipa gharama ya sheria yake kuliko yule asiyekuwa na sheria ya kumgharimu.

Sasa nije kwenye suala la nani anayelipa, kwa sababu najua ndilo mlilolijia wengi.

Clipping walianza bila lebo. Februari 2013 waliweka albamu yao ya midcity kwenye intaneti wenyewe, watu wakapakua. Sub Pop waliwasikia na kuwasajili mwaka huohuo. Tangu hapo albamu tano zote, CLPPNG hadi Dead Channel Sky, zimetoka kwenye lebo hiyohiyo, na kati ya Visions of Bodies Being Burned na hii mpya imepita zaidi ya miaka minne. Jiulizeni ni lebo ngapi mnazozijua ambazo zingemsubiri msanii wa kelele kwa miaka minne, huku mchanaji wake akiwa anacheza filamu.

Sub Pop wanaweza kusubiri kwa sababu ya hesabu yao. Lebo ilitokana na jarida dogo la Bruce Pavitt la mwaka 1980, na yeye na Jonathan Poneman wakaifanya kazi ya kudumu mwaka 1988. Mwaka 1989 walitoa Bleach, albamu ya kwanza ya kundi la roki la Nirvana, iliyorekodiwa kwa dola 606 na senti 17. Nirvana walipochukuliwa na kampuni kubwa, mkataba uliwaachia Sub Pop asilimia ndogo ya mauzo ya baadaye, na albamu yao ya Nevermind ilipolipuka mwaka 1991, asilimia hiyo ndogo iliiokoa lebo iliyokuwa inakaribia kufunga milango. Mwaka 2003 walitoa Give Up ya The Postal Service, ambayo polepole ilivuka nakala milioni moja Marekani. Kazi kama hizo ndizo zinazolipia zile ambazo hazitawahi kuuza milioni. Mwaka 2011 waliifungulia hip hop mlango kwa Black Up ya Shabazz Palaces, kundi la Ishmael Butler, mkongwe wa kundi la rap la Digable Planets, na Butler akaja kuwa mmoja wa watu wanaotafuta wasanii wapya kwa ajili ya lebo.

Tuambizane ukweli wote: tangu mwaka 1995 kampuni ya Warner inamiliki asilimia 49 ya Sub Pop. Wapo wanaosema basi hiyo si lebo huru. Mimi nasema tazameni asilimia 51. Uhuru wa lebo unapimwa kwa swali moja: nani ana neno la mwisho kuhusu kinachotoka? Kule Seattle neno la mwisho limebaki kwa wenye lebo, na ndiyo maana piano inaweza kuungua kwa dakika 18 bila mtu kupiga simu kuuliza kiitikio kiko wapi.

Msiondoke hapa mkidhani mambo haya ni ya Seattle tu. Huku kwetu yapo, na yamekwishaanza zamani. Kampala kuna lebo ya Nyege Nyege Tapes, na tawi lake la Hakuna Kulala lililoanza mwaka 2018. Hao ndio waliotoa Sounds of Sisso mwaka 2017, mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso ya Mburahati, Dar es Salaam. Watayarishaji wa singeli walikuwa wanakimbiza biti hadi mapigo 200 na 300 kwa dakika kwa kompyuta za kawaida na programu za kidijei, mitaani, kwenye vigodoro, bila mtu kuwaambia kwamba wanafanya muziki wa majaribio. Sheria yao ilikuwa kasi, na waliitii. MC Yallah, anayechana kwa Kiluganda, Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza, alitoa Yallah Beibe kupitia Hakuna Kulala mwaka 2023, na mtu akiniuliza ni nani Afrika Mashariki anayestahili kuwekwa jukwaa moja na Clipping, jina lake ndilo la kwanza.

Nairobi kuna mfano ulio karibu zaidi. Duma, kundi la Martin Khanja na Sam Karugu, walitoa albamu yao kupitia Nyege Nyege Tapes mwaka 2020: mayowe na metali na kelele za kompyuta kwa pamoja. Baadaye wakatoa singo kupitia Sub Pop, lebo hiihii tunayoizungumzia. Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, akaanzisha lebo yake mwenyewe, Haekalu, na mwaka 2024 akatoa The Adept, albamu aliyoitunuku kwa kumbukumbu ya bibi mzaa bibi yake, Muthoni wa Kirima, aliyekuwa Field Marshal wa Mau Mau. Hapo pana kelele, historia ya ukoo na umiliki wa lebo mkononi mwa mtu mmoja wa Nairobi.

Kwa hiyo nikiwaambia kuhusu mikataba, sizungumzii ndoto. Kabla hujatia sahihi, uliza nani atamiliki rekodi zako asilia baada ya miaka mingapi, na uandikiwe. Uliza kama lebo ikikuuza kwa kampuni kubwa wewe unapata nini, maana Sub Pop yenyewe iliokolewa na sentensi moja ya aina hiyo. Uliza nani ana neno la mwisho kuhusu orodha ya nyimbo. Na kama bado hakuna lebo inayokuelewa, fanyeni kama midcity: malizeni kazi, iwekeni hadharani nzima, kwa mpangilio wenu, yenye sheria zenu. Msitoe nyimbo tatu zenye kelele halafu mkaomba radhi kwa wimbo wa nne wa mapenzi.

Wazee wetu wa ushairi walitunga ndani ya vina na mizani, nane kwa kila kipande cha utenzi, na ndani ya kizuizi hicho wakasimulia vita, vifo, safari na dua kwa beti mamia. Hakuna aliyewaambia kwamba mizani inawanyima uhuru. Anayechana kwa Kiswahili leo amerithi masikio yaliyofunzwa na watu hao, na sijui kwa nini tunapoingia studio tunayaacha mlangoni na kuazima hesabu za watu wengine.

Nimewaomba mafundi watupigie vipande vitatu kwa mfuatano: Get Up ya mwaka 2014, kisha Dominator ya mwaka 2025, kisha MC Yallah. Sikilizeni snea iko wapi katika kila kimoja na imetengenezwa kwa kitu gani. Baada ya hapo tutachukua maswali, na nitaanza na wale waliokuwa wakitikisa kichwa kukataa nilipotaja Warner.